Kitenzi Kishirikishi na Usambamba: Kutoka kwa Askofu Lowth hadi Kalamu Nyekundu

Miaka kadhaa iliyopita, nikisahihisha insha za kidato cha tatu, nilikumbana na sentensi ifuatayo katika aya ya kwanza ya mwanafunzi mmoja mzaliwa wa pwani: "Baba mvuvi, mama mkaanga samaki, mimi mwanafunzi." Nilitia duara jekundu mara tatu, nikaandika pembeni "Kitenzi kiko wapi?" na nikaondoa alama. Mwalimu mmoja aliyenitangulia kwa miaka mingi katika kazi hii alikuwa ameketi meza ya pili. Aliichukua karatasi, akaisoma kwa sauti, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hebu nitajie ile methali ya mvua na mawingu." Nikamjibu, "Dalili ya mvua ni mawingu." Akatikisa kichwa. "Bibi yangu hakuwa na hiyo 'ni'. Alisema: dalili ya mvua mawingu. Naye utamtia duara?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ni jibu langu, ijapokuwa limechelewa. Nimedhamiria kuonyesha kwamba kanuni niliyoitumia siku ile, yaani kwamba kila sentensi sharti iwe na kitenzi kilichoandikwa, haikuchimbuka katika Kiswahili. Ina historia yake, ina majina ya watu na miaka, na ilitufikia kupitia sarufi ya Kiingereza ya shuleni. Aidha, nitaonyesha jambo ambalo kwangu ndilo la kushangaza zaidi: kwamba mmoja wa waasisi wakuu wa sarufi hiyo ndiye huyo huyo aliyetupa dhana ya usambamba ambayo leo twaifunza katika fasihi, na kwamba aliipata dhana hiyo katika lugha ambayo sentensi zake nyingi hazina kitenzi kishirikishi kabisa.

Chimbuko la kitenzi kishirikishi

Dhana ya kitenzi kinachounganisha kiima na sifa yake ni kongwe. Mwanafalsafa Aristotle wa Uyunani, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliligusia suala hili alipokuwa akichunguza jinsi kauli inavyoweza kuwa ya kweli au ya uongo. Katika karne ya 12, wanamantiki wa Ulaya, Peter Abelard miongoni mwao, walitumia neno la Kilatini kopula, lenye maana ya kiungo au kifungo. Kwao sentensi ilikuwa kama mizani ya mfanyabiashara: upande mmoja kiima, upande wa pili sifa inayosemwa juu yake, na katikati kile kijiti kinachozishika sahani mbili. Zingatia kwamba hili lilikuwa suala la mantiki. Hawakuwa wakieleza namna watu wa sokoni walivyozungumza.

Hatua kubwa ilipigwa mjini Paris mwaka 1660. Antoine Arnauld na Claude Lancelot, waliohusiana na nyumba ya watawa ya Port-Royal, walichapisha sarufi waliyoiita ya jumla, yaani sarufi ya lugha zote. Walidai kwamba kitenzi halisi ni kimoja tu: kile cha "kuwa". Vitenzi vingine vyote, kwa maoni yao, vimekimeza ndani. Anayesema "Petro anaishi" kwa hakika amesema "Petro ni mwenye kuishi". Basi ikiwa kitenzi cha "kuwa" kimejificha hata mahali kisipoonekana, sembuse mahali kinapotarajiwa kuonekana? Hoja hii ilikuwa na mvuto mkubwa katika Ulaya ya wakati ule, na mvuto huo haujaisha. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba "mimi mgeni" ni ufupisho wa "mimi ni mgeni" anafikiri kama Arnauld, hata kama hajapata kulisikia jina lake.

Robert Lowth na vitabu vyake viwili

Robert Lowth alizaliwa mwaka 1710. Mwaka 1741 aliteuliwa kuwa Profesa wa Ushairi katika Chuo Kikuu cha Oxford, na akachagua mada ambayo huenda iliwashangaza waliotarajia kusikia habari za Homer na Virgil: ushairi wa Kiebrania wa Agano la Kale. Mihadhara yake, aliyoitoa kwa Kilatini, ilichapishwa mwaka 1753.

Tatizo alilolikabili lingemsumbua yeyote anayefunza ushairi leo. Zaburi na vitabu vya manabii vilisikika kama ushairi, lakini mizani yake haikuweza kuhesabika kama ya Wayunani au Walatini, na vina havikuwapo. Je, ni nini kinachofanya ushairi kuwa ushairi vinapokosekana vina na mizani? Lowth alijibu kwamba ni ulinganifu wa vipande. Mshororo husemwa, kisha mshororo wa pili huja na umbo lile lile, kiungo kwa kiungo, neno kwa neno. Aliuita usambamba wa viungo, akautambua katika aina tatu: ule ambao kipande cha pili hurejelea maana ya cha kwanza kwa maneno mengine, ule ambao kipande cha pili hupingana na cha kwanza, na ule ambao vipande vinafanana kwa muundo tu huku maana ikiendelezwa. Alirudi tena kwenye suala hili mwaka 1778 alipotoa tafsiri yake ya kitabu cha Isaya. Wakati huo alikwisha kuwa Askofu wa London.

Mwalimu wa fasihi akizitazama aina hizo tatu ataona mara moja kwamba methali zetu zinaingia humo bila kulazimishwa. "Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu" ni aina ya pili iliyo wazi kabisa. "Kutoa ni moyo, si utajiri" nayo ni ya pili, ila kipande chake cha pili kimemeza kiima. (Wazee husema "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri", yaani usiseme ni utajiri, hapo kitenzi kishirikishi kimerudiwa na usambamba umekaza zaidi. Binafsi naipenda hii kuliko ile ya vitabuni.) "Lisemwalo lipo, kama halipo laja" ni ya tatu: muundo unajirudia lakini maana inasonga mbele.

Sasa tuje kwenye kitabu cha pili. Mwaka 1762 Lowth alichapisha sarufi fupi ya Kiingereza, bila kutia jina lake katika toleo la kwanza. Ilichapishwa tena na tena. Humo alisema kwamba sentensi sahili ina kiima kimoja na kitenzi kimoja chenye kuonyesha wakati au hali. Alisema pia kwamba kitenzi cha "kuwa" hufuatwa na neno lililo katika umbo la kiima, na kwa hiyo Mwingereza aseme it is I wala si it is me. Kanuni hii ya pili ililingana na Kilatini, ambacho maneno yake hubadilika umbo kulingana na kazi yake katika sentensi. Katika tanbihi zake alikusanya makosa ya waandishi wakubwa, Shakespeare na Milton wakiwamo, akayaanika. Tunaosahihisha insha tuna babu yetu hapo.

Ninachotaka msomaji akione ni hiki. Kiebrania, lugha ambayo Lowth aliijua vyema na kuipenda, hakihitaji kitenzi kishirikishi katika wakati uliopo. Zaburi ya 23, inayojulikana na kila mtoto aliyepitia shule ya Jumapili, huanza kwa maneno mawili tu ya Kiebrania: jina la Mungu na neno lenye maana ya "mchungaji wangu". Hakuna "ni" kati yao. Wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walijua kwamba mara nyingi wanaongeza maneno yasiyokuwamo, na wakawa na desturi ya kuyachapisha kwa herufi za aina tofauti. Matoleo ya baadaye yakayalaza. Anayefungua matoleo mengi ya tafsiri hiyo leo atalikuta neno is la Zaburi ya 23 limelala kwa mlazo, kama kwamba linaomba radhi kwa kuwapo hapo.

Hivyo basi mtu mmoja aliyasifu mashairi yaliyojaa sentensi zisizo na kitenzi, na miaka tisa baadaye akawaambia watoto wa Uingereza kwamba sentensi ina kitenzi. Simlaumu. Alikuwa akieleza lugha mbili tofauti, na kuhusu Kiingereza alikuwa sahihi kwa kiasi kikubwa. Lawama, kama ipo, ni ya waliokichukua kitabu cha pili na kukiacha cha kwanza.

Sarufi ya shule na kanuni ya ulinganifu

Aliyeieneza sarufi ya namna hii kuliko wote ni Lindley Murray, wakili mzaliwa wa Pennsylvania aliyehamia Uingereza mwaka 1784 na kukaa karibu na mji wa York. Sarufi yake ya mwaka 1795, aliyoiandika kwa ajili ya shule ya wasichana, ilimtegemea sana Lowth. Iliuzwa kwa mamilioni pande zote mbili za Bahari ya Atlantiki. Maana ya sentensi ikabaki ile ile: kiima kimoja, kitenzi kimoja.

Lakini Murray alichota pia kwa Hugh Blair, mhubiri na profesa wa balagha wa Edinburgh, aliyechapisha mihadhara yake mwaka 1783. Blair alishauri kwamba vitu viwili vinapolinganishwa au kukinzanishwa, maneno na muundo vifanane pia. Ushauri huu uliingizwa katika kiambatisho cha sarufi ya Murray, na hapo ndipo usambamba ulipohama kutoka ushairini na kuwa kanuni ya uandishi mwema wa darasani. Kanuni hii mpaka leo mwalimu wa Kiingereza wa chumba cha pili huifunza kwa bidii: ukianza orodha kwa kitenzi-jina, imalize kwa kitenzi-jina.

Kanuni ya Blair, tofauti na ile ya kitenzi, haina uhasama na Kiswahili hata kidogo. Mtahiniwa anayeandika "Napenda kusoma, uandishi wa mashairi na niimbe kwaya" amekosea kwa sikio la Mswahili vilevile. Aseme "Napenda kusoma, kuandika mashairi na kuimba kwaya". Vivyo hivyo "Mgombea huyo ni mwaminifu, ana bidii na hodari" inachechemea, kwa sababu "ni" inaanza kazi, "ana" inamnyang'anya, kisha "hodari" anaachwa bila mwenyewe. "Ni mwaminifu, mwenye bidii na hodari" inasimama wima. Katika insha nyingi ninazosahihisha, kosa hili ni la kawaida kuliko makosa ya ngeli, lakini ni nadra kuona mwalimu amelitilia alama. Tunapigia mstari kitenzi kisichohitajika, na muundo ulioyumba tunaupita.

Safari ya kuja Afrika Mashariki

Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na sarufi yake ya Kiswahili ilichapwa Tübingen mwaka 1850. Ingawa alikuwa Mjerumani aliiandika kwa Kiingereza. Edward Steere wa Unguja alitoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870. Wamishenari hawa walikuwa na kazi ya kufasiri, na mfasiri daima huuliza: neno letu hili wao wanalisemaje? Ukiuliza hivyo kuhusu kitenzi cha Kiingereza cha "kuwa", Kiswahili hakikupi jibu moja. Kinakupa "ni" na "si". Kinakupa viambishi vya ngeli vilivyosimama peke yake, kama katika "yu tayari", "u hali gani" na "zi wapi". Kinakupa "ndi-" ya msisitizo, "-ko, -po, -mo" za mahali, "-na" ya kumiliki, "-li" ya kale inayosikika katika "aliye" na "kilicho", na "kuwa" yenyewe. Na mara nyingine hakikupi neno lolote.

Mtaalamu aliyejitahidi kutoka katika mtego huo ni E. O. Ashton, ambaye sarufi yake ilitoka mwaka 1944, baada ya Kiswahili Sanifu kujengwa juu ya msingi wa Kiunguja. Ashton alisisitiza kwamba mwanafunzi atafute wazo lililo chini ya umbo la Kiswahili badala ya kutafuta tafsiri. Kichwa cha kitabu chake, tena, kinataja kiimbo. Hili si jambo dogo kwa mada yetu. "Mtoto mgonjwa" yaweza kuwa kirai tu, kama katika "mtoto mgonjwa amelala", na yaweza kuwa sentensi kamili. Tofauti imo katika sauti: pumziko dogo baada ya "mtoto", na kushuka kwa sauti kwenye "mgonjwa". Karatasi haisikiki, ndiyo maana mwandishi hujilinda kwa "ni", kwa koma, au kwa kiashiria: "Mtoto huyu mgonjwa."

Vitabu vya sarufi vilivyoandikwa na Waafrika wenyewe baada ya uhuru vilitupa istilahi tuzitumiazo: kitenzi kikuu, kitenzi kisaidizi, kitenzi kishirikishi, na ndani ya hiki cha mwisho, kikamilifu kinachobeba viambishi vya nafsi na wakati, na kipungufu kisichobeba wakati. Ni uainishaji mzuri. Kisha likaja tabaka jingine. Mwaka 1957 Noam Chomsky alichapisha kitabu chake cha sarufi miundo, na humo sentensi ya Kiingereza ikagawanywa katika kikundi nomino na kikundi tenzi. Mchoro huo umefika mpaka ubao wa shule ya kutwa iliyo mbali na lami. S huzaa KN na KT. KT huzaa T, au Ts na T, au t. Mtahiniwa akipewa "Dalili ya mvua mawingu" aichanganue kwa matawi, tawi la KT linabaki na nomino peke yake, na mwalimu anahitimisha kwamba hii si sentensi.

Ni ajabu. Mchoro uliobuniwa kueleza lugha umegeuka kuwa hakimu wa lugha. Pendekezo langu ni rahisi: tuandike t katika tawi lake, na chini yake tutie alama ya kapa, kama tufanyavyo kwa mofimu isiyo na umbo. Najua kuna watakaosema kwamba kwa kufanya hivyo ninarudi kwa Arnauld na kitenzi chake kilichojificha. Pengine ni kweli. Lakini ni heri kukiri kuwa tawi ni tupu kuliko kuukata mti.

Ushahidi wa fasihi

Kwa kuwa hili ni jarida la fasihi, tutazame mada za vitabu tunavyovijua. Mwaka 1975 Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya ya Dunia Uwanja wa Fujo. Mwaka 1980 Said Ahmed Mohamed alitoa Dunia Mti Mkavu. Mada hizi ni sentensi. Zina kiima, nacho ni dunia, na zina kinachosemwa juu ya kiima hicho. Hazina "ni". Waandishi hawa wawili, mmoja wa Ukerewe na mwingine wa Pemba, hawakuwa wageni wa lugha. Je, tuwatie duara jekundu?

Jibu la haraka linalotolewa madarasani ni kwamba mtunzi ana idhini ya kishairi. Hapa ndipo penye hatari zaidi kwa mtahiniwa. Akiulizwa aonyeshe jinsi mshairi alivyotumia uhuru wake, anatafuta mahali palipokosekana "ni", anaandika "inkisari", au "amedondosha ili kutosheleza mizani", kisha anaendelea. Hebu tujaribu kwa mshororo nilioutunga mwenyewe kwa ajili ya darasa: "Mali ua la jangwani, asubuhi huchanua." Kila kipande kina mizani nane. Lakini ningeweza kuandika "Mali ni ua jangwani", nayo ni nane pia. Mizani haikunilazimisha kitu. Nilichagua "mali ua" kwa sababu nilitaka vitu viwili vigusane bila kiungo katikati, ili msikilizaji asipate nafasi ya kuvitenganisha. "Ni" hulinganisha kwa utulivu. Ukimya wake hubandika moja kwa moja. Hii ni mbinu ya sitiari, na imejengwa juu ya sarufi ya kawaida ya msemaji. Kuiita idhini ni kudai kwamba sheria imevunjwa, hali sheria yenyewe haikuwapo.

Usambamba ndio unaoipa sentensi ya namna hii nguvu, kwa kuwa umbo linalojirudia humsaidia msikilizaji kujua mpaka wa kiima na sifa uko wapi hata pasipo "ni". Baada ya "Baba mvuvi", sikio limekwisha jua namna ya kusikia "mama mkaanga samaki". Ndiyo maana sentensi zisizo na kishirikishi hupenda kutembea wawili wawili au watatu watatu.

Kuhusu maana ya kurudia huko, wataalamu wa baadaye walimkosoa Lowth. Roman Jakobson, katika makala ya mwaka 1966, aliuchunguza usambamba wa kisarufi katika ushairi wa Kirusi na kuonyesha kwamba haukuwa mali ya Waebrania peke yao. James Kugel, katika kitabu cha mwaka 1981, alipinga wazo kwamba kipande cha pili husema tu yale yale ya kwanza. Kwake kipande cha pili huongeza, kana kwamba mshairi anasema "naam, na zaidi ya hayo". Mimi naegemea upande wa Kugel. Tazama "Kupotea njia ndiko kujua njia". Vipande viwili vinafanana kwa umbo: ku-, kitenzi, njia. Katikati yake pamesimama kitenzi kishirikishi cha msisitizo. Mtahiniwa anayeandika "kuna takriri ya neno njia" amesema kweli, ila ameachia mlangoni. Njia ya pili si ile ya kwanza. Ya kwanza imepotewa, ya pili imejulikana, na "ndiko" ndiyo inayobeba gharama ya kutoka moja hadi nyingine. Ukiweka "ni" badala ya "ndiko", maana inabaki lakini dai linalegea.

Mipaka

Nisieleweke kwamba kila sentensi isiyo na kitenzi ni halali. Kwanza, katika wakati uliopita na ujao hakuna njia ya mkato. "Baba mvuvi" ni ya sasa. Ya jana sharti iwe "Baba alikuwa mvuvi". Kiarabu na Kiebrania navyo viko hivyo, ingawa sidai kwamba tumeazima huko. Pili, ukanushaji hauachi "si" idondoke: "Nyumba njema si mlango" haiwezi kupoteza "si" ikabaki na maana yake. Tatu, kiima kirefu chenye vishazi vingi kinahitaji "ni" ili msomaji asipotee. Nne, katika barua rasmi, ripoti na kumbukumbu za mkutano, desturi yetu ni kuiandika, na mwanafunzi aijue desturi hiyo.

Kuna pia kosa la upande wa pili ambalo huzaliwa na Kiingereza moja kwa moja, nalo ni kuitia "ni" pasipotakiwa. Mwingereza ana vitenzi vishirikishi tele: huunganisha kwa kuonja, kwa kuonekana, kwa kuhisi, kwa kugeuka. Sisi mambo hayo aghalabu huyapa kitenzi kikuu chenyewe. Chai imepoa, nguo imelowa, mzee amechoka, mtoto ana njaa. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiingereza huandika "chai ni baridi" hata anapotaka kusema kwamba ilikuwa moto na sasa imepoa. Sentensi yake ina kitenzi, mchoro wa matawi unakubali, kalamu nyekundu inapita juu yake bila kusimama. Lakini habari aliyotaka kuitoa imepotea.

Kuhusu karatasi ya yule mwanafunzi, nilimwita. Nilimrudishia alama zake, nikamwomba aisome sentensi yake mbele ya wenzake, kwanza kama alivyoiandika, kisha akiitia "ni" mara tatu. "Baba ni mvuvi, mama ni mkaanga samaki, mimi ni mwanafunzi." Darasa likacheka, mmoja akasema hiyo ya pili inafanana na fomu ya kuombea basari. Tukaijadili ile ya kwanza. Wengi waliona kwamba vipande viwili vya mwanzo vinatoka baharini na cha tatu kinatoka nchi kavu, na kwamba umbo linalofanana ndilo linalomfanya "mwanafunzi" aonekane mgeni katika nyumba ile. Kisha nikawapa zoezi: waandike sentensi hiyo hiyo kama kwamba baba amekwisha kuacha bahari. Wawili waliandika "Jana baba mvuvi". Hao niliwatia duara.